Nafsineni Asiyependeka: Kejeli katika Wimbo wa "One Hit"

Mwalimu mwenzangu, bila shaka umewahi kusahihisha jibu la mtahiniwa aliyeandika kwamba mshairi anawadharau wanawake, ilhali shairi lenyewe linamkejeli mwanamume mwenye dharau hiyo. Alama zinapotea, lakini hilo ndilo dogo. Mwanafunzi huyo amembebesha mtunzi msimamo uleule ambao mtunzi anaupiga vita. Katika makala haya nitatumia wimbo ulio mbali kabisa na silabasi yetu kueleza jinsi kejeli ya aina hii inavyofanya kazi.

Wimbo wenyewe ni "One Hit", yaani pigo moja, uliomo katika albamu ya Silent Shout (2006) ya kundi la The Knife kutoka Uswidi. Kundi hilo lilikuwa na ndugu wawili, Karin Dreijer na Olof Dreijer, na muziki wao ni wa ala za elektroniki. Anayezungumza ni mwanamume. Anaonea fahari uanaume wake na himaya yake ya nyumbani, hata anaifananisha na jamaa ya Corleone, wale majambazi wa filamu ya The Godfather. Kinywani mwake pigo na mapenzi vinakaa jirani. Hajuti.

Linganisha na Utengano (1980) ya Said Ahmed Mohamed. Maksuudi anawafungia mkewe na bintiye nyumbani, lakini msimulizi amesimama nje yake, anatuonyesha mateso ya Tamima na hatimaye anguko la Maksuudi mwenyewe. Msomaji anaongozwa. Katika "One Hit" hakuna msimulizi wa kutushika mkono. Je, hukumu itatoka wapi?

Itatoka kwanza katika sauti. Anayeimba ni Karin, ila sauti imeshushwa kwa mitambo hadi ikawa nzito kama ya mwanamume, na bado si ya binadamu kamili. Inasikika kama barakoa. Hapa fasihi simulizi inatusaidia kuliko nadharia yoyote: fanani akiiga mngurumo wa zimwi, hadhira haimshuku kwamba anataka kula watoto. Inajua zimwi limeazimwa sauti. Kinachotisha katika wimbo huu ni kwamba zimwi linazungumzia mambo ya kawaida ya nyumbani.

Pili, kuna chuku. Mwenye nyumba anayejilinganisha na mkuu wa genge la wauaji amejianika mwenyewe, hahitaji mshtaki. Muktadha nao unaunga mkono usomaji huu: mwaka 2003 kundi hili lilisusia sherehe za tuzo za Grammis nchini Uswidi, likatuma watu wawili waliovaa kama sokwe kupinga jinsi wanaume walivyoitawala tasnia ya muziki. Hata hivyo, muktadha huo usitumiwe badala ya wimbo. Mtahiniwa hana wasifu wa mshairi mbele yake. Ana maneno tu.

Hatari ipo, nami siipuuzi. Kijana aliyezoea kusikia kwamba mke hufunzwa kwa kofi anaweza kucheka pamoja na nafsineni badala ya kumcheka. Kwa upande mwingine, tusifundishe kwamba kila sauti yenye kuudhi ni kinaya. Utendi wa Mwanakupona (1858) umesomwa na baadhi ya wahakiki kama usia wa dhati na wengine kwa jicho la kinaya. Kila upande unadaiwa ushahidi kutoka katika beti.

Darasani, jaribu hivi. Chagua shairi ambalo nafsineni ni mwanamume mwenye majivuno, kisha waambie wanafunzi, wavulana kwa wasichana, waandike ubeti mmoja ambamo mkewe anamjibu. Wakishasomeana, waulize ni kwa nini mtunzi hakumpa mke huyo nafasi ya kusema.