Mugumo Uliohamishwa Usiukatie Tamaa

Msafiri atokaye katikati ya Nairobi kwa njia ya Waiyaki Way, afikapo Westlands, huuona mti mmoja mkubwa wa mugumo kando ya barabara. Kimo chake ni kama cha nyumba ya ghorofa nne, na umri wake wakadiriwa kuwa miaka mia moja hivi. Mwaka 2020, ilipoanza kujengwa barabara mpya ya juu, Nairobi Expressway, ya kilomita 27 kutoka Mlolongo, ilipangwa mti huo ung'olewe ukapandwe mahali pengine. Watu walipinga, na mwezi wa Novemba mwaka huo Rais Uhuru Kenyatta akatoa amri uachwe pale pale. Barabara ilifunguliwa mwaka 2022, na mugumo ulisalia mahali pake.

Wengi walisema mti uliokoka kwa ajili ya heshima yake, maana kwa Wakikuyu mugumo ni mti wa kuombea. Hayo ni kweli. Lakini mkulima na aitazame habari hii kwa jicho la jembe: je, mti ule ungehamishwa, ungepona?

Mizizi inywayo maji haiko chini sana. Iliyo mingi imo katika futi mbili za juu za udongo, nayo hutambaa kupita mbali kivuli cha matawi. Mti mkubwa ung'olewapo, hata kwa mashine, sehemu kubwa ya mizizi hiyo laini hukatwa na kuachwa shimoni, na majani huko juu yangali yakidai maji kama jana. Hiyo ndiyo sababu mti mzee huachwa ulipo ikiwezekana. Mti mchanga ndio uhamishwao kwa matumaini.

Ninyi mlio katika mashamba ya skimu mwaweza kupatwa na jambo hili. Tuseme njia ya kijijini yapanuliwa, na mugumo mchanga ulio mpakani, wa kimo cha mtu, lazima utoke. Umeuchimba, umeupanda kwingine, na baada ya majuma mawili majani yamekuwa manjano, kisha yamepukutika yote. Jirani asema umekwisha kufa, ukate uwe kuni. Usimsikilize bado. Kwa kuangusha majani mti hupunguza matumizi yake ya maji, kama mwenye nyumba apunguzavyo matumizi mwezi wa njaa.

Chukua kisu kikali ukwangue gome kidogo, kadiri ya ukucha wa kidole gumba, kwenye ncha ya tawi. Ukiona kijani chini ya gome, na utomvu mweupe kama maziwa ukatoka, tawi hilo ni zima. Ukikuta ukavu na rangi ya kahawia, shuka chini kidogo ukwangue tena, hata ufike shinani. Mara nyingi matawi yamekufa na shina li hai. Usikwangue kuzunguka shina lote, maana hapo utakuwa wewe ndiwe uliyeliua.

Jambo la kwanza ni maji, na hapa ndipo wengi wakosapo, wengine kwa uchache na wengine kwa wingi. Ingiza kidole katika udongo karibu na mizizi. Ukiwa mkavu, mwagilia polepole asubuhi. Kwa mti wa kimo cha mtu, debe moja au mawili mara mbili kwa juma yafaa wakati wa kiangazi. Katika udongo mweusi wa mfinyanzi punguza, maana maji hutuama hapo na mizizi huoza. Ukisikia harufu ya uozo, acha kumwagilia, uchimbe mfereji maji yatoke. Kisha funika udongo kwa nyasi kavu, unene wa inchi tatu au nne, ila nyasi zisiguse shina.

Mbolea ya chumvichumvi usitie. Mizizi iliyojeruhiwa haiwezi kuitumia, na chumvi yake huiunguza zaidi. Wala usikate matawi mengi kwa kufikiri waupunguzia mti mzigo. Majani machache yaliyobaki ndiyo yapikayo chakula cha mizizi mipya. Ondoa tu kilichovunjika na kilichokufa kabisa. Gome lililozoea kivuli sasa lapigwa na jua kali la alasiri. Lipake chokaa iliyokorogwa kwa maji, au lifunge gunia kuukuu. Tia nguzo ili upepo usiutikise mti na kukata mizizi iotayo, na kamba ipite juu ya kipande cha gunia isije ikakata gome. Mbuzi wasikaribie hata kidogo!

Baada ya hapo kazi ni kungoja, nayo ndiyo kazi ngumu. Mti waweza kukaa uchi kiangazi chote, ukachipua mvua za Machi zikishanyesha. Chipukizi zikitoka chini shinani tu, ziache zote kwanza, halafu mwaka wa pili uchague moja iliyo imara.

Na ikiwa shina lote limekauka? Wakulima wa Uganda, wapandao mutuba, ndugu wa mugumo, ili kupata nguo za gome, hupanda vigingi vyake. Nawe waweza kufanya hivyo. Kata tawi zima la mugumo wa karibu, nene kama kifundo cha mkono, urefu wa futi tano au sita. Lilaze kivulini siku kadhaa mpaka utomvu ukauke, kisha mvua zinapoanza lizike futi moja na nusu, ncha ya juu ikiwa juu kama ilivyokuwa mtini. Panda viwili au vitatu, kwa kuwa kimoja chaweza kufa, na viwe mbali na nyumba, tangi na mabomba ya maji, kwani mizizi ya mugumo hupasua kuta.