Kemia na Asili ya Vumbi Lisafirilo Angani

Mnamo Januari 1832, meli iliyomchukua Charles Darwin ilitia nanga Praia, katika visiwa vya Cape Verde. Darwin aliona hewa imetanda vumbi laini la rangi ya hudhurungi. Vumbi hilo lilipochunguzwa na Ehrenberg, mwanasayansi wa Ujerumani, lilidhihirisha maumbo 67 ya viumbe vidogo mno, takriban yote ya maji yasiyo na chumvi. Je, viumbe wa ziwani walifikaje katikati ya bahari?

Makala haya yanakusudia kufafanua jinsi wanakemia wanavyolijibu swali la aina hiyo. Tangu 1965, Joseph Prospero na wenzake wamekuwa wakinasa vumbi huko Barbados, kwenye ufuo unaokabili Atlantiki. Upepo ufikao hapo umevuka maelfu ya kilomita za maji matupu.

Huenda msomaji akadhani kwamba inatosha kupima kiasi cha chuma au alumini. La hasha! Elementi hizo zimo katika takriban kila udongo. Kinachotafutwa ni uwiano wa isotopi, yaani atomi za elementi moja zinazotofautiana kwa uzito. (Sioni haja ya kuibunia istilahi hii mbadala, imekwisha kuzoeleka.) Katika miamba, rubidi-87 hugeuka polepole kuwa stronti-87, na samari-147 kuwa neodimi-143. Kwa hiyo uwiano wa isotopi hizi hutegemea umri na aina ya mwamba, na udongo utokanao nao huurithi. Hata hivyo, stronti ina hila zake: imo pia katika chumvi ya bahari, hivyo sampuli sharti ioshwe kwanza, tena chembe ndogo zaidi huwa na uwiano wa juu kuliko chembe kubwa za udongo ule ule. Neodimi haiyumbishwi sana na ukubwa wa chembe, ndiyo maana huaminiwa zaidi.

Ziwa tulilouliza habari zake lipo, au tuseme lilikuwapo. Bonde la Bodélé nchini Chad ni sakafu ya ziwa kuu lililokauka, na upepo upitao baina ya milima ya Tibesti na Ennedi huyapeperusha magamba ya viumbe wake. Kwa miaka mingi bonde hili lilisifiwa kuwa ndilo mrutubishaji mkuu wa msitu wa Amazon; makadirio ya setilaiti ya 2015 yalitaja tani 22,000 za fosforasi kwa mwaka kutoka Afrika. Lakini uchanganuzi wa isotopi uliochapishwa 2013 ulitilia shaka nafasi hiyo ya Bodélé, na sampuli zilizokusanywa Cayenne, kwa mujibu wa utafiti wa 2019, zilionyesha kuwa moshi wa mioto ya Afrika nao hubeba fosforasi nyingi, tena iyeyukayo kwa wepesi.

Mvutano haujaisha. Vumbi la majangwa mawili likichanganyika angani, uwiano wake waweza kufanana na ule wa jangwa la tatu ambalo halikutoa hata chembe moja.