Shamisen: Chombo cha Ombaomba Kilichopanda Jukwaani

Mwaka 1973 mzee mmoja kutoka kaskazini mwa Japani alianza kupiga muziki katika ukumbi mdogo uliokuwa chini ya kanisa, mtaa wa Shibuya jijini Tokyo. Ukumbi huo, Jean-Jean, ulikuwa maskani ya vijana waliopenda tamthilia za majaribio na nyimbo za gitaa. Mzee alikuwa na umri wa miaka 63, haoni ila kwa taabu, na lahaja yake ilikuwa nzito kiasi kwamba watu wa mjini walilazimika kutega masikio. Jina lake lilikuwa Takahashi Chikuzan. Alikuwa akipiga wimbo, anasimulia mkasa wa maisha yake, watu wanaangua kicheko, kisha anauangusha tena mkono wa kulia juu ya nyuzi.

Vijana wale hawakuwa na sababu ya kumpenda. Shamisen, chombo alichokipakata, waliijua kama kitu cha bibi zao, cha michezo ya kabuki na karamu za wazee wenye fedha. Lakini hii ya Chikuzan ilikuwa nyingine kabisa. Ilipigwa kwa nguvu, kwa kasi, bila karatasi ya noti, na hakuna aliyejua itaishia wapi. Waliokuja wiki ile waliwaleta wenzao, na Chikuzan akawa mtu wa kudumu wa ukumbi ule kwa miaka mingi.

Hadithi za ala za jadi husimuliwa karibu kila mara kwa njia moja: palikuwa na sanaa tukufu ya kale, ikapauka, wakaja vijana wenye gitaa za umeme wakaifufua, wazee wakanuna. Kwa shamisen ya Tsugaru, ile ya Chikuzan, hadithi hiyo haisimami. Muziki huu haukuwahi kuwa mtukufu. Ulizaliwa milangoni mwa watu, mikononi mwa vipofu waliokuwa wakiomba chakula, na kama haukumshika msikilizaji papo hapo, mpigaji alilala na njaa.

Tsugaru ni upande wa magharibi wa mkoa wa Aomori, kwenye ncha ya kaskazini ya Honshu, kisiwa kikuu cha Japani. Ni nchi ya theluji nyingi na mashamba ya tufaha. Huko ndiko alikozaliwa, mwaka 1857, katika kijiji cha Kanagi, mtu anayetajwa kuwa mwanzilishi wa mtindo huu, Nitabō. Ndui ilimpofusha akiwa mtoto. Kipofu maskini wa zama zile alikuwa na njia chache za kujipatia riziki: kukanda watu viungo, kusoma dua, au kupita nyumba kwa nyumba na chombo cha muziki. Kwa karne nyingi wanamuziki vipofu wa Japani walikuwa na chama chao kilichotambuliwa na watawala, chenye vyeo na haki maalumu. Serikali mpya ya mfalme Meiji ilikivunja mwaka 1871. Wapigaji wa Tsugaru hata hivyo hawakuwa wakubwa wa chama chochote. Walikuwa watu wa barabarani, waliodharauliwa, na watoto waliwakejeli wakipita.

Chikuzan aliyapitia hayo yote. Alizaliwa mwaka 1910, na surua ikamwondolea karibu uwezo wote wa kuona akiwa bado mdogo. Akiwa kijana alipelekwa kujifunza kwa mpigaji kipofu, kisha akaanza kutembea peke yake, Aomori, kisiwa cha Hokkaido na kwingineko, akipiga mlangoni mwa nyumba hadi mwenye nyumba atoe konzi ya mchele au afunge mlango. Kazi ikimshinda, alijaribu nyingine; mwaka 1944 aliingia shule ya vipofu mjini Hachinohe akasomea ukandaji na tiba ya sindano. Ni baada ya vita tu, alipoanza kumsindikiza mwimbaji maarufu wa nyimbo za kienyeji, Narita Unchiku, ndipo jina lake lilipoanza kutajwa redioni na kwenye kumbi.

Mtu aliyelelewa namna hiyo anajua jambo ambalo chuo cha muziki hakifundishi. Kwanza, usikike. Upepo unavuma, mlango umefungwa kwa baridi, ndani watu wanazungumza. Pili, usirudie alichopiga mwenzako aliyepita asubuhi. Hapo ndipo ulipotoka ubunifu wa papo kwa papo ambao leo ndio roho ya mtindo huu: wimbo mmoja, kwa mfano Tsugaru Jonkara Bushi, unapigwa na watu kumi, na kila mmoja anautoa kivyake.

Chombo chenyewe kilitoka mbali. Babu yake ni sanxian ya China, iliyofika katika ufalme wa Ryukyu, yaani Okinawa ya leo, ambako iliwambwa ngozi ya chatu. Katikati ya karne ya 16 ilishuka katika bandari ya Sakai, karibu na Osaka. Wapigaji wa huko walikuwa wamezoea ala nyingine, biwa, inayopigwa kwa kibao kipana kiitwacho bachi, nao wakakitumia kibao hicho hicho kwenye mgeni wao. Chatu wakubwa hawapatikani katika visiwa vya Japani, basi ngozi ikawa ya paka au ya mbwa.

Msomaji aliyewahi kuliona gambusi la Hadhramaut au la visiwani hatapata shida kulielewa umbo la shamisen: ngozi imewambwa juu ya mbao, nyuzi zinapita juu yake. Tofauti ni kwamba sanduku la shamisen linakaribia mraba, lina ngozi mbele na nyuma, na shingo yake ni ndefu, laini, isiyo na vigawanyo vya chuma. Kidole kikikosea upana wa unyasi, sauti imeharibika. Kuna shingo nyembamba kwa nyimbo za kabuki, ya wastani kwa nyimbo za kienyeji, na nene kwa michezo ya vikaragosi ya bunraku na kwa Tsugaru.

Siri ya sauti iko mahali padogo sana, juu kabisa ya shingo. Nyuzi mbili nyembamba hukaa juu ya kizuizi kidogo cha chuma. Ule mnene haukikanyagi. Unapita pembeni na kuigusa mbao kidogo tu, na kila ukitikiswa unatoa mvumo wa kukwaruza uitwao sawari. Mpigaji wa Tsugaru ana hata skrubu ndogo nyuma ya shingo ya kuurekebisha mvumo huo. Fundi wa gitaa angeuita ubovu na kutafuta namna ya kuuondoa. Hapa unatafutwa kwa makusudi, na nyuzi zikiwa zimekazwa sawasawa, nyingine zikipigwa, ule mnene unaitikia wenyewe.

Mkono wa kulia ndio unaoshangaza watazamaji. Bachi haigusi nyuzi tu. Inazipita na kugonga ngozi yenyewe, hivyo kila pigo ni noti na ngoma kwa wakati mmoja. Mkono wa kushoto umevalishwa kitambaa kidogo kati ya kidole gumba na cha shahada ili uteleze shingoni, na vidole vyake navyo havikai bure: vinadonoa nyuzi wakati mkono wa kulia umepumzika. Na kwa kuwa nyuzi zinalegea kwa kugongwa, utamwona mpigaji akinyoosha mkono katikati ya wimbo, anazungusha kigingi, anarudi, na hajapoteza hata pigo moja.

Muziki wa namna hiyo ulihitaji nini ili uwafikie vijana wa leo? Si mengi. Ndugu wawili kutoka Noboribetsu, Hokkaido, Yoshida Ryōichirō aliyezaliwa 1977 na Kenichi aliyezaliwa 1979, walianza kupiga wakiwa na miaka mitano. Mwaka 1999 walitoa albamu ya kwanza, Ibuki, wakiwa wamevaa mavazi ya heshima ya hakama, nywele zimetiwa rangi. Iliuzwa zaidi ya nakala 100,000, jambo lisilotarajiwa kwa muziki wa aina hiyo. Mwaka 2006 wimbo wao Kodo, ukiwa umechanganywa na midundo ya kompyuta, ulitumika Amerika ya Kaskazini katika tangazo la mashine ya michezo ya Nintendo Wii, na mamilioni ya watu ambao hawajawahi kulisikia neno shamisen wakawa wanaijua sauti yake.

Agatsuma Hiromitsu, aliyezaliwa 1973, alichukua njia ya jazi na roki. Bendi ya Wagakki, iliyoundwa 2013, ilikwenda mbali zaidi: watu wanane, wanne kati yao wakipiga shamisen, ala ya nyuzi ya koto, filimbi ya shakuhachi na ngoma kubwa za Kijapani, pamoja na gitaa, besi, dramu na mwimbaji Suzuhana Yūko. Video yao ya Senbonzakura, iliyotoka mwaka 2014 kwenye YouTube, imetazamwa zaidi ya mara milioni 100. Bendi ilisimamisha shughuli zake mwishoni mwa 2024. Kuna pia katuni, Mashiro no Oto ya Ragawa Marimo, juu ya kijana wa Tsugaru anayetafuta sauti yake baada ya babu yake kufariki. Ilipofanywa mfululizo wa katuni za televisheni mwaka 2021, ndugu wa Yoshida ndio waliosimamia muziki wake.

Si kila mchanganyiko unaoleta utamu, na ni vizuri kulisema hilo. Shamisen ikilazimishwa kuwa gitaa la pili inashindwa. Sauti yake hupigwa na kufa haraka. Haitandiki, haijazi nafasi. Dramu na gitaa la umeme vikichukua uwanja wote, ule mvumo wa sawari unazama, kinabaki kishindo cha bachi kwa juu. Nyimbo zinazofaulu ni zile zinazoiachia shamisen mwanya, halafu zinajibu. Mashindano yanayofanyika Hirosaki tangu 1982 yanalionyesha hilo kwa njia ya ukali: mtu mmoja, chombo kimoja, dakika chache, hakuna wa kumsitiri. Wengi wa nyota wa leo walipitia huko kabla ya kushika kipaza sauti cha tamasha.

Kwa pwani ya Afrika Mashariki, nyuzi za Kijapani si ngeni kiasi hicho. Tashkota iliyowatikisa wapenzi wa taarabu ya Mombasa, hasa katika nyimbo za Zuhura Swaleh, ni ala ya Kijapani yenye vibonye kama vya taipureta. Ilibuniwa Nagoya mwaka 1912 na Morita Gorō, ikasambaa kupitia India. Ni kitoto kwa umri ukiilinganisha na shamisen, lakini imesafiri zaidi.

Katika shule za Japani nako mambo yalibadilika. Serikali ya Meiji ilipoanzisha somo la muziki, ilichukua mtindo wa Ulaya na Marekani, na kwa zaidi ya karne moja mtoto wa Kijapani aliweza kumaliza masomo akiijua piano na asiwahi kushika ala ya nchi yake. Tangu mwaka 2002 mtaala unataka kila mwanafunzi wa shule ya kati ajaribu angalau ala moja ya jadi. Vipindi ni vichache na mara nyingi ni koto, ambayo ni rahisi kuanza nayo. Si haba.

Shida ya kweli haiko jukwaani wala kwa wasikilizaji. Iko karakanani. Shamisen moja nzuri inahitaji mbao nyekundu ngumu kutoka India, ambayo biashara yake sasa inadhibitiwa. Inahitaji ngozi inayowambwa kwa kamba na kabari, ikagundishwa kwa gundi ya unga wa mchele, na kuvutwa hadi ukingoni mwa kupasuka. Fundi hujua kwa kuigonga na kusikiliza, na akizidisha kidogo, ngozi inapasuka mbele ya macho yake. Mafundi hao wamezeeka, na vijana wanaotaka kurithi kazi ni wachache.

Kisha kuna bachi, na hapa habari inaihusu Afrika Mashariki moja kwa moja. Bachi bora za nyimbo za kabuki zilikuwa za pembe za ndovu. Katika miaka ya 1980 Japani ilikuwa mnunuzi mkubwa kuliko wote duniani wa pembe hizo, kwa mihuri zaidi kuliko kwa muziki, huku tembo wa Tanzania na Kenya wakiuawa kwa maelfu. Julai 1989 Kenya ilichoma tani 12 za pembe hadharani, na mwaka huo huo Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizopeleka pendekezo lililozaa marufuku ya biashara ya kimataifa. Ndani ya Japani pembe za zamani zilizosajiliwa bado zinauzwa. Wapigaji wa Tsugaru, wao, hupenda ncha ya gamba la ng'amba kwa kuwa hupinda bila kuvunjika linapogonga ngozi. Uingizaji wake ulikoma mwishoni mwa 1992, na akiba inapungua kila bachi inapolika. Mbao, plastiki na akriliki vinatumika na wanafunzi, na ngozi za bandia zinaboreshwa mwaka hadi mwaka. Anayepiga nje, kwenye unyevu na mvua, ana kila sababu ya kuzipenda. Wengi wa wakubwa wa kabuki bado wanashikilia ngozi ya paka.

Mwaka 2020, kumbi zilipofungwa kwa sababu ya korona, kampuni ya Tokyo Wagakki ya mjini Hachioji, mtengenezaji mkubwa kuliko wote wa shamisen nchini Japani, ilitangaza kwamba ingefunga milango. Bila matamasha hakuna ngozi zinazopasuka, na bila ngozi kupasuka hakuna kazi. Bendi ya Wagakki iliwaomba mashabiki wake wachangie. Walichanga, wengi wao wakiwa vijana waliokuja kwa ajili ya gitaa na mavazi, na kiwanda kikaendelea kuchonga shingo za shamisen.