Moshi, Hewa Ukaa na Gesi Isiyo na Harufu: Istilahi katika Usanifu wa Vihisi Visivyotumia Waya vya Majiko ya Makaa Mjini Kampala

Ikisiri

Makala haya yanafafanua usanifu wa vihisi visivyotumia waya kwa ajili ya majiko ya makaa katika nyumba za Kampala. Hoja yake kuu ni kwamba jina la kile kinachopimwa ni sehemu ya usanifu wenyewe. Neno moshi halitoshi kumwonya mtumiaji dhidi ya kaboni monoksaidi. Hivyo istilahi inapaswa kuamuliwa kabla kifaa hakijafika jikoni.

1.0 Utangulizi

Katika nchi za baridi, kihisi cha nyumbani hupima jotoridi la chumba na kuuamuru mtambo wa kupasha joto uwake au uzimike. Kampala, mji ulio karibu na ikweta katika mwinuko wa takriban mita 1,200, hauhitaji mtambo wa namna hiyo. Chanzo cha joto katika kaya nyingi ni jiko la makaa, ambalo wenyeji huliita sigiri. Kwa hiyo, mhandisi wa Kampala hupaswa kuuliza jiko linaacha nini katika hewa ya chumba, kuliko kuuliza chumba kina joto kiasi gani.

2.0 Uzoefu wa AirQo

Uzoefu wa kuanzia upo. Tangu mwaka 2015, mradi wa AirQo wa Chuo Kikuu cha Makerere umesanifu vifaa vya gharama nafuu vya kupima ubora wa hewa, ambavyo vimewekwa kwenye majengo, nguzo na hata pikipiki za bodaboda. Vifaa hivyo hupima chembechembe zenye kipenyo kisichozidi mikromita 2.5. Feni ndogo huvuta hewa, mwale wa leza huipitia, na mwanga unaotawanywa na chembe hubadilishwa kuwa hesabu. Unyevu unapozidi, chembe hufyonza maji na kuvimba, na kihisi hutia chumvi katika hesabu yake. Kwa sababu hiyo, vipimo husahihishwa kwa kulinganishwa na vya mtambo rejea uliowekwa mahali pamoja nacho. Kila kifaa kina vihisi viwili ili kimoja kikikosea, tofauti ionekane. Takwimu husafirishwa kupitia mtandao wa simu za mkononi, ambao umeenea mjini kuliko intaneti ya majumbani.

3.0 Kutoka barabarani hadi jikoni

Kifaa cha nje hakiwezi kuhamishiwa jikoni kama kilivyo. Makaa yaliyokolea hutoa moshi mchache kuliko kuni, lakini hutoa kaboni monoksaidi kwa wingi. Gesi hii haina rangi wala harufu. Ikivutwa, hushikamana na himoglobini na kuinyima damu uwezo wa kubeba oksijeni. Mtu huumwa kichwa, husikia kizunguzungu, na katika chumba kilichofungwa anaweza kufa usingizini. Kihisi cha chembechembe peke yake kinaweza kuonesha nafuu saa ileile ambayo hatari imepanda.

Hivyo kifaa cha jikoni huhitaji pia kihisi cha kielektrokemia, ambamo gesi inayofikia elektrodi huzalisha mkondo mdogo wa umeme unaolingana na wingi wake. Kihisi hicho hutumia nguvu kidogo, ilhali feni na leza hutumia nguvu nyingi zaidi, na redio hutumia nyingi inapotuma ujumbe. Mpangilio unaofaa ni kuacha kihisi cha gesi kikiwa macho muda wote, kuwasha feni kwa vipindi, na kuhifadhi takwimu ili zitumwe kwa mkupuo. Hata hivyo, king'ora kisitegemee mtandao: uamuzi wa kuonya ufanyike ndani ya kifaa chenyewe.

Miongozo ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2021 inaweka kiwango cha mikrogramu 5 za chembechembe hizo kwa mita ya ujazo kwa wastani wa mwaka, na miligramu 4 za kaboni monoksaidi kwa wastani wa saa 24. Hivi ni vipimo viwili tofauti, na kila kimoja kinahitaji jina lake.

4.0 Tatizo la majina

Jina la kifaa lenyewe lina utata. Baadhi ya watumiaji husema sensa, lakini neno hilo tayari lina maana ya kuhesabu watu. Ujumbe kwamba "sensa imewekwa nyumbani kwako" unaweza kuzua maswali yasiyohusu hewa hata kidogo. Kihisi, kutokana na kitenzi hisi, kinaepuka mgongano huo na kinafuata mofolojia ya Kiswahili.

Utata wa kinachopimwa ni mzito zaidi. Katika Kiganda, neno omukka hujumuisha moshi na gesi. Hata gesi ya kutoa machozi huitwa omukka. Kiswahili hutenganisha viwili hivyo. Onyo la Kiganda likitafsiriwa kwa neno moshi, gesi isiyoonekana huachwa nje ya onyo. Mpishi atatazama sigiri yake, aone makaa mekundu yasiyofuka, kisha afunge mlango kwa utulivu. Neno hewa ukaa nalo halifai, kwa kuwa limeshazoeleka kwa kaboni dioksaidi, hasa katika mijadala ya tabianchi. Istilahi ya kitaalamu ibaki kaboni monoksaidi, na kwenye kifaa iandikwe gesi ya sumu ya makaa, maneno yanayotaja chanzo na madhara yake kwa pamoja.

5.0 Hitimisho

Mnamo Julai 2022, Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi. Uamuzi huo utapimwa pia kwa maandishi madogo yanayobandikwa kwenye vifaa vya nyumbani. Inapendekezwa kwamba wanaistilahi washirikishwe tangu hatua ya mchoro wa saketi. Kwamba maonyo ya Kiswahili na Kiganda yatungwe sambamba, pasipo moja kuwa tafsiri ya jingine. Na kwamba yajaribiwe kwa wapishi wenyewe. Swali la kuwauliza ni jepesi: baada ya kulisoma onyo hili, utafungua mlango au utaufunga?