Uzi, Sindano na Mapigo ya Moyo

Mazinde, chini ya Milima ya Usambara, ni mahali panapojulikana kwa mkonge, zao ambalo nyuzi zake husokotwa kuwa kamba na kufumwa kuwa magunia. Lakini uzi unaozungumzwa katika makala haya ni mwembamba zaidi. Ni uzi wa pamba au wa sufu, unaofumwa kwa sindano moja yenye ncha iliyopinda kama ndoana. Ufumaji huo, uitwao krosheti, ndio unaotoa vitambaa vinavyopamba viti na meza katika nyumba nyingi za Tanzania.

Wafumaji wengi husema kwamba kazi hiyo huwatuliza. Je, usemi huo una ukweli wa kisayansi? Swali hili lina uzito, hasa kwa mwanafunzi wa bweni, awe Mazinde Juu au kwingineko, ambaye mtihani wa taifa unamkaribia na usingizi umemtoroka.

Mwili unapokabiliwa na tishio

Mtu akikutana na nyoka njiani, ubongo hupeleka habari upesi kwenye tezi za adrenali, zilizo juu ya figo. Tezi hizo humwaga homoni katika damu, zikiwemo adrenalini na kotisoli. Moyo hupiga mbio, ini hutoa sukari, damu nyingi huelekezwa kwenye misuli, na kazi ya kusaga chakula hupungua. Mwanafiziolojia wa Marekani, Walter Cannon, alieleza mwanzoni mwa karne ya 20 kwamba hayo ni maandalizi ya kupigana au kukimbia.

Nyoka akiisha kwenda zake, mwili hurudi katika hali yake. Shida ni kwamba hofu ya mtihani haiendi zake. Hukaa na mtu kwa wiki nyingi, na mwili huendelea kujiandaa kwa vita visivyokuwapo. Huo ndio msongo wa mawazo, nao huharibu usingizi, hamu ya chakula na uwezo wa kukumbuka.

Siri ya kurudiarudia

Mwaka 1975 daktari Herbert Benson wa Marekani alichapisha kitabu kuhusu hali iliyo kinyume cha ile ya Cannon. Alionyesha kwamba mtu akitulia na kurudiarudia neno au sauti moja, huku akiyaacha mawazo mengine yapite, pumzi zake na mapigo ya moyo wake hupungua. Baadaye alieleza kwamba hata tendo la mwili linalorudiwarudiwa laweza kuleta hali hiyo.

Ufumaji una sifa kama hizo. Mfumaji huingiza sindano, huzungusha uzi, huvuta kitanzi, kisha huanza tena. Hesabu ya vitanzi hushika akili kiasi cha kuizuia isitangetange, lakini haiichoshi. Tena kazi huonekana ikikua mkononi, jambo linaloleta faraja.

Fikra ya kutibu kwa kazi za mikono si ngeni Usambara. Katika hospitali ya Lutindi, iliyoanza kuwahudumia wagonjwa wa akili mwaka 1904, kazi za mikono na za shamba zimekuwa sehemu ya matibabu.

Ushahidi na mipaka yake

Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2021, wafumaji wa krosheti zaidi ya 8,000 kutoka nchi mbalimbali waliulizwa maoni yao. Karibu 9 katika kila 10 walisema kwamba kufuma huwatuliza. Idadi hiyo ni kubwa, lakini msomaji makini ataona upungufu wake: waliojibu walikuwa tayari wapenzi wa ufumaji. Ni kama kuwauliza wacheza bao iwapo bao hufurahisha. Maoni yao ni dalili nzuri, lakini si uthibitisho kwamba ufumaji wenyewe ndio chanzo cha utulivu.

Jaribio la darasani

Darasa lolote laweza kulichunguza jambo hili kwa saa ya ukutani, uzi na sindano. Wachaguliwe wanafunzi 20 wanaojua kufuma, wakae kimya kwa dakika 5, kisha kila mmoja ahesabiwe mapigo ya moyo kwa dakika 1. Wagawanywe kwa kura katika makundi mawili. Kundi la kwanza lifume kwa dakika 20, na la pili likae tu bila kazi. Mapigo yahesabiwe tena, na wastani wa mabadiliko ya kila kundi utafutwe.

Kundi la pili ni la lazima, kwa kuwa kukaa peke yake hupunguza mapigo. Bila kundi hilo, sifa ya kiti itapewa sindano. Jaribio lirudiwe siku kadhaa, kwani tokeo la siku moja laweza kuwa bahati tu. Wasiojua kufuma wasichanganywe na wajuzi: anayejifunza huweza kukasirishwa na uzi uliotatizika, moyo ukaenda mbio zaidi.

Mfumaji akumbuke pia kunyoosha shingo na vidole kila baada ya muda, na kufanya kazi penye mwanga wa kutosha. Zaidi ya hayo, mwanafunzi ambaye huzuni au hofu yake haiishi kwa wiki kadhaa amweleze mwalimu au mganga wa zahanati. Sindano ya kufumia yaweza kumpumzisha mtu aliyechoka, lakini haichukui nafasi ya tiba.