Dini na Dola Katika Nchi ya Kusini

Walimu na mapadre wa pande hizi za Mtwara huulizwa mara nyingi na wanafunzi wao swali hili: Ikiwa Serikali ya Tanzania haina dini, je, ni serikali isiyomcha Mungu? Swali hili si dogo, maana jibu likikosewa, huzaa ama dharau kwa watawala ama ugomvi kati ya majirani wa dini mbili. Basi na tulitazame kwa taratibu, tukianza na lugha yenyewe.

Maneno dini, dola, taifa na hukumu yote yametoka katika Kiarabu, na neno serikali limetoka kwa Waajemi. Lakini neno Mungu ni la Kibantu: Wayao husema Mulungu, Wamakonde Nnungu, na Wamakua Muluku. Maneno ya utawala mkubwa yaliletwa na bahari. Jina la Mungu lilikuwa la wenyeji.

Tena hapo kale kutawala na kuomba havikuwa mbali. Kwa Wamakua, mwene hakutawala peke yake. Pamoja naye alikuwapo pwiyamwene, mwanamke wa ukoo wake, ndiye aliyeweka unga wa mtama chini ya mti wa mtholo na kuwaombea watu kwa wazee waliokufa. Mkuu asiyeweza kuombewa hivyo alikuwa na nguvu tu, hakuwa na haki. Ndiyo maana tambiko lilikuwa msingi wa utawala, wala si pambo lake.

Pwani mambo yalikuwa kwa namna nyingine, lakini shina ni lile lile. Sarafu za Kilwa za Sultani Ali bin al-Hasan zina jina lake upande mmoja, na upande wa pili maneno ya kumtumaini Mungu, nayo yamepangwa kwa vina. Ibn Battuta alipofika Kilwa mwaka 1331, alimsifu Sultani al-Hasan bin Sulaiman kwa kuwa aliitenga sehemu ya tano ya nyara, akaitumia kama Kurani ilivyoagiza. Kwa hiyo sheria ya dini ilimpa mtawala heshima, na papo hapo ikamfunga mikono, asile mali yote kama apendavyo.

Hata misheni ilipata kuonja jambo hili. Mwaka 1876 Askofu Steere aliwaleta Masasi watu waliokombolewa katika utumwa, wakajenga mji wa Kikristo. Mji ule haukuwa na liwali wala akida. Basi mkuu wa misheni ilimbidi kuwa mchungaji na mwamuzi pamoja. Mwaka 1882 Wamagwangwara wakaupiga, na Padre Maples akahamia Newala. Hapo pana fundisho: yeye atoaye sakramenti na adhabu kwa mkono mmoja huona shida, maana watu hawajui tena kama wanamwendea kwa toba au kwa hofu.

Dini pia yaweza kuwaunganisha watu wasio na mfalme mmoja. Mwaka 1905 Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe aliwapa watu maji ya dawa, na makabila yasiyozoea kushirikiana yakasimama pamoja juu ya Wadachi. Misheni ya Masasi ikachomwa moto mwaka ule ule, na Askofu Cassian Spiss akauawa. Mwaka 1908 ilionekana huko Lindi barua iliyosemekana imetoka Makka, ikiwaonya watu kwamba mwisho wa dunia u karibu. Wadachi wakaingiwa na hofu kubwa kwa karatasi ile. Walijua kwamba neno la dini hupita mahali ambapo amri ya boma haipiti.

Chama cha TANU kilipoanzishwa tarehe 7 Julai 1954, waasisi wake walikuwa Waislamu na Wakristo. Kiongozi wake, Mwalimu Nyerere, alikuwa Mkatoliki, na wengi waliomtia nguvu mjini Dar es Salaam walikuwa Waislamu. Kama chama kingalichukua dini moja, kingaliwafukuza nusu ya wenyewe. Basi Katiba ya mwaka 1977, kama ilivyorekebishwa, yasema katika ibara ya 3 kwamba Jamhuri haifuati dini, na ibara ya 19 yampa kila mtu uhuru wa imani yake, na kuziacha shughuli za jumuiya za dini nje ya mamlaka ya nchi.

Hata hivyo wimbo wa taifa ni sala, na sauti yake imetoka katika tenzi aliyoitunga Enoch Sontonga wa Afrika Kusini mwaka 1897. Rais huapa akishika Biblia au Kurani, na Bunge hufunguliwa kwa dua. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 yaitambua ndoa ya Kikristo na ya Kiislamu, pamoja na ya kimila na ya kiserikali. Padre au shehe mwenye leseni huifunga na kuiandikisha. Pale anasimama kwa Mungu na kwa dola kwa wakati mmoja, lakini vitabu ni viwili.

Kwa hiyo tuwajibu wanafunzi hivi: kutofuata dini si kumkana Mungu. Ni kama mwamuzi wa shauri la ndugu wawili: aweza kuwapenda wote, lakini haketi upande wa mmoja. Serikali haina dini. Watu wake wanazo. Wajibu wetu ni kuwafunza watu wasiibe, wasiseme uongo barazani, wala wasipokee rushwa, kisha kuwaacha wachague watawala wao wenyewe. Mimbari ikigeuzwa kuwa jukwaa la chama, nusu ya waumini watatoka na mchungaji atabaki na wafuasi badala ya kundi.