Kranki iliyotunyima mbuzi Bugomora

Na Mwandishi Wetu, Kyerwa

FAINALI yetu ya kombe la mbuzi haikuamuliwa na straika wala kipa. Iliamuliwa na kranki ya baiskeli, na aliyekuwa anaiendesha baiskeli hiyo ni mimi.

Nilikuwa winga wa kulia wa timu ya kijijini kwetu, Bugomora, wilayani Kyerwa, kabla sijaenda chuo kusomea uandishi wa habari. Wenzangu walitangulia uwanjani, mfuko wa jezi ukabaki kwenye kerea yangu. Katikati ya mlima mguu wa kulia ukazunguka bure, kranki ikachomoka na kuangukia migombani.

Nikaikokota baiskeli hadi uwanjani. Refa alishatazama saa yake na kupuliza kipenga, wapinzani wameshapewa ushindi wa mezani. Nilipishana na mbuzi akipelekwa kwao.

Kosa lilikuwa langu. Wiki hiyo nilinunua kranki ya mtumba ya baiskeli ya gia kwa sababu ilikuwa nyepesi na inang'aa, nikailazimisha kwenye Phoenix ya baba kwa kuikaza na kipande cha bati. Ni sawa na kusajili mchezaji kwa kutazama video zake tu, bila kujua kocha anatumia mfumo gani.

Ekseli ndiyo kocha

Kranki ni ule mkono unaobeba pedeli. Kabla ya kuinunua, angalia ekseli inayopita katikati ya fremu. Phoenix na baiskeli nyingi za aina hiyo zina ekseli ya duara, na kranki hushikwa na pini inayopigwa nyundo. Baiskeli nyingi za gia zina ekseli yenye ncha ya mraba, na kranki hukazwa kwa bolti. Hizi mbili hazioani, hata uweke bati gani.

Hata pini zenyewe zinatofautiana. Pini ya milimita 9.5 haiingii kwenye tundu la milimita 9, kwa hiyo nenda dukani na ile ya zamani mkononi.

Ukitaka kuhamia kwenye kranki ya mraba, badilisha ekseli na vikombe vyake pia. Pima upana wa bomba la fremu linalobeba ekseli; mengi ni milimita 68 au 73. Angalia na nyuzi za kufungia. Raleigh za zamani zina nyuzi 26 kwa inchi, wakati fremu nyingi nyingine zina 24, hivyo kikombe cha huku kinaweza kuharibu fremu ya kule.

Mlima unataka meno

Wengi wanabadilisha kranki wakitafuta wepesi mlimani. Hapo hesabu ni ya meno. Chukua baiskeli ya tairi la inchi 28 yenye meno 46 kwenye sproketi ya mbele na 18 kwenye friwili ya nyuma. Pedeli ikizunguka mara moja, unasogea karibu mita 5.7. Tambarare utafurahi, ila ukiwa na mkungu wa ndizi kwenye kerea na mlima mbele yako, utashuka na kusukuma.

Weka friwili ya meno 22, mzunguko mmoja unakuwa kama mita 4.7. Unapoteza mwendo kidogo, lakini mguu unapata nguvu. Na friwili kwa kawaida ni bei rahisi kuliko kranki nzima, kwa hiyo anzia nyuma. Cheni ikiwa fupi, ongeza pingili.

Ukibadilisha sproketi ya mbele, kumbuka baiskeli isiyo na gia hutumia cheni pana na ya gia hutumia cheni nyembamba. Cheni nyembamba haikai kwenye meno mapana. Pima pia uchakavu: pingili 24 za cheni mpya ni inchi 12 kamili. Zikizidi kwa sehemu moja ya kumi na sita ya inchi, cheni imekwisha. Na kama meno yamechongoka kama msumeno, badilisha vyote pamoja, maana cheni mpya kwenye meno ya zamani itaruka tu.

Urefu nao una kazi yake

Septemba 2025, ng'ambo ya Mto Kagera, Kigali iliandaa mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani, ya kwanza kufanyika Afrika. Tadej Pogačar wa Slovenia alitwaa taji la wanaume. Jamaa huyo anajulikana kwa kutumia kranki fupi za milimita 165, wakati nyingi madukani ni 170. Kranki fupi hulikunja goti kidogo zaidi ya ile ndefu? Hapana, hulikunja pungufu, na hilo mchezaji mwenye goti bovu alijue.

La mwisho, pedeli ya kushoto hufungwa kinyume na ya kulia. Ukiilazimisha, unaua nyuzi na kranki mpya inakuwa chuma chakavu.

Mwaka uliofuata nilikabidhiwa tena mfuko wa jezi. Phoenix ilikuwa ile ile, kranki yake ya pini, nyuma friwili ya meno 22. Nilifika mapema kuliko refa. Tulifungwa 2-1, lakini safari hii tulifungwa uwanjani.